Takrima ya Mlango wa Nyuma

Neno takrima lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu lilikuja na heshima zake. Maana yake ni ukarimu afanyiwao mgeni: maji ya kunawa, mkeka mahali penye kivuli, na chakula kilichopo. Halikuwa neno la siasa. Lakini mwaka wa 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka wa 1985, likatia ndani yake ruhusa kwamba kitu kitolewacho na mgombea kwa nia njema, kwa desturi ya ukarimu wa jadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Tangu siku hiyo neno lile likavikwa joho lisilo lake. Pilau ya mkutano, doti ya khanga na noti iliyokunjwa vyote viliitwa takrima, na mpokeaji akaambiwa kuwa amekirimiwa. Mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na jumuiya mbili nyingine za wanasheria, ilivibatilisha vifungu vile kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Vilimpa mgombea tajiri nafasi asiyokuwa nayo mgombea maskini, na vilifungua njia ya rushwa.

Hukumu ile ilifunga mlango wa mbele wa nyumba. Mlango wa nyuma umeachwa wazi hata leo. Takrima atoayo mgombea kwa mpiga kura imekatazwa. Takrima apewayo mtunga sheria na kampuni, na shirika, au na serikali ya kigeni, kwa jina la ziara ya mafunzo, haina daftari lililo wazi ambalo mwananchi wa kawaida aweza kulifungua na kulisoma. Makala haya yanadai jambo moja tu. Safari yoyote ya mtunga sheria, au ya msaidizi wake, iliyolipiwa na mkono usiokuwa wa Hazina ya taifa, na itangazwe hadharani: nani alilipa, kiasi gani, na kwa sababu gani. Tena itangazwe kabla msafiri hajapiga kura katika jambo linalomhusu mlipaji wake.

Na tuipime hoja hii kwa utaratibu. Hukumu ya 2006 ilisimama juu ya msingi kwamba zawadi yaweza kuupinda uamuzi wa mpiga kura, mtu mwenye kura moja kati ya maelfu. Ikiwa ni hivyo, kwa hoja gani mtu atatuambia kwamba tiketi ya ndege, juma zima la hoteli na posho ya kila siku haviwezi kuupinda uamuzi wa mtu mwenye kura moja kati ya mamia machache, kura iamuayo kodi, leseni na mikataba ya nchi nzima? Ama moyo wa binadamu hulainishwa na ukarimu, na hapo mkulima na mbunge wako sawa. Ama haulainishwi, na hapo mkulima alinyimwa pilau yake bure. Sioni hoja ya tatu, isipokuwa ile ya kiburi isemayo kwamba maskini hununulika na mheshimiwa hanunuliki.

Nayaandika haya Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mbele yetu ni Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Watu wa mkoa huu wanajua vema maana ya kutangaza. Lori lipitalo hapa hupimwa mizani. Likifika mpakani, dereva huonyesha hati za mzigo: umetoka wapi, ni wa nani, waenda wapi, thamani yake ni kiasi gani. Shaba yashuka kuelekea bandarini, mafuta yapanda kuelekea Zambia na Kongo, na kila shehena ina karatasi yake. Hakuna aonaye kwamba dereva ametukanwa kwa kuulizwa, wala hakuna dereva amwambiaye ofisa wa forodha amwache apite kwa kuwa yeye ni mtu mwema. Je, uamuzi wa mtunga sheria ni mzigo mwepesi kuliko shaba, hata uvuke bila hati?

Watu wengi wakisikia habari za safari hizi hudhani kwamba rushwa ni bahasha, na kwamba pasipo bahasha hapana neno. Hawajui jinsi jambo hili lifanyavyo kazi. Mfadhili mwenye akili hatoi bahasha. Huandika barua ya mwaliko yenye maneno ya adabu, naye huchagua mwenyewe mahali pa kwenda, watu wa kuonwa na siku ya kuonwa. Wageni huonyeshwa mashine mpya, hawaonyeshwi mto uliochafuka. Huzungumza na meneja, hawazungumzi na mfanyakazi aliyeachishwa. Jioni hukaa mezani pamoja, na mezani watu hujuana kwa majina. Msafiri arudipo nyumbani hajaahidi kitu, wala hajaombwa kitu. Amepata rafiki tu, na amesikia upande mmoja wa shauri kwa siku saba mfululizo.

Kwa hiyo kinunuliwacho katika ziara hizi si kura. Kinunuliwacho ni sikio. Mkulima mwenye malalamiko juu ya kampuni hiyo hiyo atasubiri nje ya ofisi ya jimbo, naye akibahatika atasikilizwa kwa dakika kumi. Mfadhili amesikilizwa wiki nzima, tena mahali pa raha. Mizani ya shauri imekwisha kuinama kabla shauri halijafika, na waliokaa upande wa juu hawajui ni jiwe gani lililotiwa upande wa pili. Kutangaza hakuliondoi jiwe hilo, bali hulifanya lionekane, ili mwenye kupima ajue aongeze nini upande wake.

Mifano haiko mbali. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na muswada wa kudhibiti tumbaku uliosubiri kwa miaka mingi. Mwaka wa 2004 wenye kampuni za tumbaku waliwakaribisha wabunge wengi katika hoteli ya kifahari ya pwani ili wazungumze nao juu ya muswada huo. Sheria yenyewe haikupitishwa hadi mwaka wa 2007. Sisemi kwamba hoteli ndiyo iliyoichelewesha, maana sheria huchelewa kwa sababu nyingi. Nasema kwamba Mkenya aliyemzika mzazi wake kwa maradhi ya mapafu alikuwa na haki ya kujua ni nani aliyelala katika vyumba vile, na ni nani aliyelipa, katika miaka ile ambayo muswada ulikuwa umelala pia.

Hapa kwetu, mwaka wa 2009, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilianza kuwahoji wabunge juu ya posho mbili: moja waliyolipwa na Bunge kwa kazi za kamati, na nyingine waliyosemwa kulipwa na mashirika ya umma waliyoyatembelea kwa kazi ile ile. Baadhi ya wabunge walighadhibika, wakasema taasisi ile inawalipiza kisasi kwa msimamo wao katika sakata la Richmond. Ugomvi ukawa mkubwa kuliko swali, na swali likasahauliwa: ni nani aliyelipa, na alilipa nini? Kama malipo yale yangekuwa yameandikwa mahali pa wazi siku yalipotolewa, pasingekuwa na haja ya mahojiano, wala pasingekuwa na nafasi ya kisasi.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai 2011, Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi, alisimama bungeni Dodoma na barua iliyotoka Wizara ya Nishati na Madini. Barua ile ilizitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichangie shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha uwasilishaji wa bajeti ya wizara mbele ya Bunge. Kelele zilikuwa kubwa, Kamati Teule ikaundwa chini ya Ramo Makani, na taarifa yake ikajadiliwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Mimi nalitazama jambo moja tu katika kisa hicho. Taifa halikulijua kwa daftari. Lililijua kwa kuwa karatasi moja ilifika mikononi mwa mbunge mmoja mwenye ujasiri. Tena hizo zilikuwa fedha za taasisi za umma, zenye wakaguzi na vitabu vya hesabu. Ikiwa za umma zilitaka kupita gizani hivyo, za watu binafsi, zisizokaguliwa na Mkaguzi Mkuu, zitapita wapi?

Mwaka wa 2012 ulituonyesha upande wa pili, nao wastahili kutazamwa zaidi na wabunge wenyewe. Mwezi wa Julai Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Kudumu ya Nishati na Madini kwa ajili ya tuhuma za rushwa zilizowakabili baadhi ya wajumbe wake. Kamati ndogo iliyochunguza tuhuma hizo chini ya Hassan Ngwilizi haikupata ushahidi wa kuwatia hatiani. Lakini heshima ikivunjika hairudi kwa taarifa ya uchunguzi. Pasipo daftari la karatasi, daftari la mitaani ndilo lisomwalo, na sheria yake ni moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mbunge mwaminifu ndiye apatwaye na hasara kubwa kwa siri hii, maana hana kitu cha kuwaonyesha watu kimtofautishe na mwenzake asiye mwaminifu.

Wako watakaosema kwamba sheria tunayo. Ni kweli. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka wa 1995, yamtaka kila kiongozi, mbunge akiwamo, apeleke kila mwisho wa mwaka tamko la mali, maslahi na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili. Sheria hiyo yataja zawadi na ukarimu pia. Lakini tamko la mwisho wa mwaka halimsaidii mwananchi katika kura ya mwezi wa Juni. Zaidi ya hayo, daftari lenyewe halikutungiwa macho ya umma. Kanuni zilizofuata sheria ile zilimtaka atakaye kulitazama apeleke malalamiko kwanza, na alipe ada. Yaani mwananchi alitakiwa amshuku kiongozi wake kabla hajaruhusiwa kujua kama ana sababu ya kumshuku. Utaratibu wa namna hiyo huzaa fitina mahali pa maarifa.

Wala desturi ya kutangaza si ngeni kwa Bunge letu. Mbunge mwenye shamba la kahawa asimamapo kuzungumza juu ya bei ya kahawa husema, "Mheshimiwa Spika, naomba nitangaze maslahi." Ni msemo mzuri, na Kiswahili chapaswa kujivunia msemo huo, maana umefupisha somo zima la uaminifu katika maneno machache. Nauliza basi: mbunge aliyerudi juma lililopita kutoka ng'ambo, akiwa amesafirishwa na kulishwa na kampuni ya mbolea, asimamapo kuzungumza juu ya ruzuku ya mbolea, kwa nini asitangaze? Shamba ni lake, alilima kwa jasho lake, naye hulitangaza. Safari si yake, alipewa, naye huinyamazia. Tumepindua mambo: kilicho halali chasemwa, na chenye shaka chafichwa.

Sharti hili liwaguse na wasaidizi. Orodha ya sheria ya 1995 ni orodha ya wakubwa. Lakini aijuaye kazi ya kutunga sheria ajua kwamba wakubwa hawaandiki. Makatibu wa kamati, maofisa wa utafiti, washauri wa sheria na wasaidizi wa wabunge ndio watayarishao muhtasari, wachaguao mashahidi wa kuitwa, na wapendekezao neno hili litoke na lile liingie. Katika sheria neno moja laweza kuwa na thamani ya mabilioni. Sisi tunaofundisha lugha twalijua hilo: "ataweza" si "atatakiwa", na kati ya maneno hayo mawili kampuni yaweza kupata faida ya miaka ishirini. Mfadhili mjanja hamsumbui waziri. Humwalika kijana aishikaye kalamu. Uingereza, ambako wabunge walikubali daftari la maslahi yao mwaka wa 1974, waliliona jambo hili mwaka wa 1985, wakawawekea wasaidizi wa wabunge daftari lao.

Sasa na tuwasikilize wapinzani wa hoja hii, maana hawakosi la kusema. Hoja yao ya kwanza ni kwamba nchi yetu si tajiri, na kwamba mbunge asiyeona bandari ya wengine hatajua kuihukumu ya kwetu. Nakubali yote mawili. Ndiyo maana siombi safari hizi zikatazwe. Wakubwa wetu wa mwaka wa 1967, katika Azimio la Arusha, walikwenda mbali zaidi: walimkataza kiongozi hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka wa 1991, wala sitarajii irudi yote. Wao walitaka kiongozi asiwe na kitu. Mimi nataka tu aseme alichopewa. Mwenye kuliona hilo kuwa zito na atueleze uzito wake uko wapi.

Hoja ya pili ni ya adabu. Husemwa kwamba kumwandika mwenyeji katika daftari ni kumvunjia heshima, na kwamba Mwafrika hahesabu chakula cha mgeni. Hoja hii yaijua nusu ya mila na kuisahau nusu ya pili. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; walijua kwamba ukarimu una mpaka, na kwamba hugeuka kuwa deni. Tena karamu ya jadi hufanywa uani, majirani wakiona, na sifa ya mwenyeji hutangazwa na wageni wenyewe. Ukarimu usiotaka kutajwa si wa jadi yetu. Mfadhili mwenye nia njema atafurahi jina lake lisomwe, na asiyefurahi amekwisha kutujibu swali letu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Husemwa kwamba daftari halimzuii mwongo. Mfano wao ni Marekani, ambako mbunge wa Baraza la Wawakilishi hutakiwa apate kibali cha Kamati ya Maadili kabla ya kusafiri kwa fedha za mtu binafsi, na arudipo apeleke taarifa ya gharama katika siku 15. Sharti hilo lawahusu wasaidizi pia, na taarifa hizo huwekwa wazi kwa umma. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2013, wabunge 10 na wasaidizi 32 walikwenda Baku, nchini Azerbaijan, kwa mkutano ambao fomu zilisema umelipiwa na jumuiya zisizo za biashara. Mwaka wa 2015 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba mlipaji wa siri alikuwa SOCAR, kampuni ya mafuta ya serikali ya nchi ile, na kwamba dola 750,000 zilipitishwa kwa jumuiya hizo. Mazulia na seti za chai zilikuwa miongoni mwa zawadi walizopewa wageni.

Lakini kisa hiki chawashuhudia wao au mimi? Mwaka wa 2018 kiongozi wa mojawapo ya jumuiya zile alikiri mahakamani kosa la kuidanganya Kamati ya Maadili juu ya chanzo cha fedha. Alishtakiwa kwa nini? Kwa maneno aliyoyaandika katika fomu. Kama fomu isingekuwapo, asingekuwa amesema uongo, na kama asingesema uongo, pasingekuwa na kosa la kumshtaki. Daftari halimgeuzi mwovu kuwa mwema. Huyageuza maficho yake kuwa ushahidi, na kazi hiyo yatosha. Mizani ya barabarani nayo haikuwaondoa wenye kuzidisha mizigo. Hakuna aliyeshauri mizani ing'olewe kwa sababu hiyo.

Kinachotakiwa basi ni kidogo. Ukurasa mmoja kwa kila safari, wenye jina la msafiri na cheo chake, jina la mlipaji wa kweli na si la mpitishaji wa fedha, mahali na siku, gharama ya nauli, ya malazi na ya posho kwa shilingi, na shughuli ambayo mlipaji anayo, au anaitaka, mbele ya Bunge au Serikali. Ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili. Utolewe kabla ya safari na ukamilishwe siku chache baada ya kurudi. Usomwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya jimbo, Tunduma kama Tandahimba, ili mwenye kuuza mahindi sokoni ausome bila kulipa ada na bila kumshtaki mtu. Nazo halmashauri zetu zifuate mfano huo kwa madiwani na maofisa wao, maana leseni ya machimbo na kiwanja cha soko havipitii Dodoma sikuzote.

Kwa hayo hakuna fedha mpya itakayohitajika, wala ofisi mpya. Kitakachohitajika ni Bunge likubali kuandika juu yake lenyewe sharti ambalo limekwisha kumwandikia dereva wa lori, mfanyabiashara wa mpakani na mgombea wa udiwani. Mwaka wa 2006 mpiga kura aliondolewa sahani mbele yake kwa kuambiwa kwamba heshima ya kura yataka hivyo. Alikubali. Sasa zamu ni ya yule aliyechaguliwa kwa kura hiyo, naye hatakiwi hata kuiacha sahani. Anatakiwa kutaja mpishi.